Kabla Hujapiga Windows

Mdogo wangu unayeanza ufundi wa kompyuta hapa Tanga, najua ulichofundishwa kwanza, maana na mimi nilianzia hapo hapo: kupiga Windows, yaani kufuta diski na kuweka Windows upya. Mashine nzito, piga Windows. Ina virusi, piga Windows. Imekataa kuwaka, piga Windows. Wateja nao huja na neno hilo mdomoni: "Fundi, nipigie Windows." Nimeifanya kazi hii kwenye barabara zile za namba za Ngamiani na majumbani mwa watu kwa miaka mingi, na ninachokuomba ni kimoja. Hiyo iweke mwisho kabisa.

Mama mmoja wa Makorora, mweka hazina wa kikoba, aliniletea laptopu iliyokuwa inachukua dakika kumi kuwaka. Nikamuuliza, "Mama, kuna vitu vya muhimu humu?" Akanijibu, "Vyangu vyote viko hapo nje, mwanangu. Ndani hakuna kitu." Nikafungua diski D, nikakuta picha na kaswida, nikazihamisha. Nikaifuta C, sehemu ya diski inayokaa Windows yenyewe, nikapiga Windows, jioni nikamkabidhi. Akaiwasha mbele yangu, akakitazama kioo, akauliza kwa sauti ya chini, "Yale mafaili ya hapa mbele yako wapi?"

"Nje" kwake ilikuwa Desktop. Ndiyo ya kwanza kuonekana ukiwasha mashine, lakini makazi yake ni ndani ya C, kwenye folda ya mtumiaji. Nani kaweka hisa ngapi, nani kakopa, nani karejesha, vyote vilikuwa pale. Usiku ule nilihangaika na programu za kurejesha mafaili nikaambulia vipande, kwa sababu Windows mpya ilikuwa imeshaandikwa juu yake. Wanachama walikaa wiki kadhaa na madaftari na stakabadhi kuanza upya, na wapo waliotiliana shaka. Sikuchukua hela yake. Hata hivyo, hesabu hazikurudi.

Kosa lilianzia kwenye swali langu. Siku hizi siulizi kama kuna vitu vya muhimu. Namwambia mteja, "Nionyeshe kwa mkono wako faili ulilofungua mara ya mwisho." Akishanionyesha, naingia C, kisha Users, kisha jina lake, nakopi folda nzima kwenye diski ya nje. Kama Windows haiwaki, mafaili hayajafa: andaa flashi ya Linux, mfumo mwingine wa bure wa kuendesha kompyuta, iwashe mashine kwa flashi hiyo, kopi. Ama toa diski uiunganishe na mashine nyingine. Ukisikia diski inagonga tik, tik, usiihangaishe kwa jambo jingine lolote kabla ya kukopi, kwa kuwa kila dakika inayozunguka inaweza kuwa ya mwisho. Na laptopu za siku hizi nyingi hufunga diski zenyewe kwa BitLocker, kufuli la Windows la kuficha yaliyomo. Ukigusa ovyo mipangilio ya BIOS, programu inayoiamsha mashine kabla ya Windows, mashine itakudai ufunguo wa tarakimu 48, na mwenyewe hajui hata kama aliwahi kupewa. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yake ya Microsoft. Hakikisha anaweza kuingia kwenye akaunti hiyo kabla hujaanza kazi.

Sasa, matatizo mengi unayoitiwa hayahitaji kupiga chochote. Kuna mzee wa Chumbageni alinipigia simu, intaneti imeharibika, kila tovuti inamwambia muunganisho si salama. Alikuwa ameshabadilisha laini mbili na kununua bando mara tatu. Nilipofika, macho yangu yalikwenda kwenye pembe ya chini kulia ya kioo. Tarehe ilikuwa 1 Januari 2012. Kila tovuti salama ina cheti chenye siku ya kuanza na siku ya kuisha. Kompyuta inayoamini iko 2012 ikikutana na cheti cha mwaka huu inaona hakijaanza kazi, basi inakataa. Nikarekebisha saa, tovuti zikafunguka zote. Tatizo lenyewe lilikuwa kibetri cha CR2032 cha volti 3 kwenye ubao mama, kile cha mviringo kama sarafu, ambacho hutunza saa umeme ukikatika. Kilikuwa kimekwisha, na umeme wa mtaa ule haukuwa na utulivu. Kukibadilisha ni kazi ya dakika chache. Basi ukiingia nyumba ya mtu, kabla ya yote, tazama saa ya mashine.

Vivyo hivyo kioo cheusi. Watu husema Windows imekufa, kumbe sisi tunakaa na bahari. Hewa ya chumvi na unyevu wa huku Raskazone hushika meno ya RAM, kile kibao cha kumbukumbu ya muda, yakafanya ukungu. Zima, chomoa umeme na betri, toa RAM, sugua meno yake taratibu kwa raba ya penseli, pangusa vumbi, rudisha mpaka usikie inabana. Nimezifufua nyingi kwa raba tu.

Na yale matangazo yanayochomoza pembeni, "Kompyuta yako ina virusi, bofya hapa", asilimia kubwa si virusi. Ni kwamba siku moja mtoto alibofya kuruhusu taarifa (notifications) za tovuti fulani. Ingia kwenye mipangilio ya kivinjari, tafuta sehemu ya taarifa, ondoa ruhusa za tovuti usizozijua. Kama tangazo linatoa namba ya simu ya kupiga, mweleze mwenye nyumba waziwazi kwamba Microsoft haiandiki namba yake ya simu kwenye onyo la namna hiyo. Ni mtego wa kumfanya afungue mlango mwenyewe.

Virusi halisi hapa kwetu hupanda flashi. Mtu anapeleka kazi steshenari kuprinti, flashi inachomekwa kwenye mashine iliyoshika flashi hamsini siku hiyo, anarudi nayo nyumbani. Akiifungua anakuta mafolda yake yamegeuka njia za mkato, kila moja ina mshale mdogo. Ukibofya mshale ule, ndipo mdudu anaingia kwenye mashine. Usibofye, na usiiformati, mafaili yapo, yamefichwa tu. Utaona flashi inasema imejaa ilhali haina kitu. Safisha kwanza kompyuta kwa Defender, antivirusi ya Windows yenyewe, uchunguzi kamili, ndipo ufungue Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, na kuandika, kama flashi ni E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafolda yatarudi. Hamisha mafaili halisi, futa zile njia za mkato na kila faili usilolijua lenye mwisho wa vbs au exe. Mshauri mwenye flashi awe na moja ya kuprintia peke yake, isiyobeba kitu kingine.

Hapa nitasema jambo ambalo mafundi wenzangu wengi hawapendi kulisikia. Sisi ndio tunaowaambukiza wateja. Tunawawekea Windows na Office za kuchakachua, na kile kiprogramu cha kuwasha leseni kinakuja na maelekezo: "Zima Defender kwanza." Fikiri, dada wa watu amekulipa umlindie nyumba, wewe unamfunga mbwa ili mgeni usiyemjua aingie, halafu unaondoka na mbwa umemwacha amefungwa. Nimezikuta mashine nyingi ambazo Defender imezimwa na fundi na mwenyewe hana habari. Asiyeweza kununua Office, LibreOffice ni bure na inafungua mafaili ya Word na Excel. Mpangilio unaweza kusogea kidogo kwenye nyaraka ngumu, mwambie mapema. Defender yenyewe inakuja na Windows bure na kwa matumizi ya nyumbani inatosha. Usirundike antivirusi mbili, zitagombana na mashine itakuwa nzito kuliko ulivyoikuta.

Apdeti watu wanazizima kwa sababu ya bando, na siwalaumu, nimeshaona bando la wiki likimezwa usiku mmoja. Lakini mwaka 2017 Microsoft ilitoa kiraka, yaani apdeti ya kuziba tundu la usalama, tarehe 14 Machi. Tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, virusi vya WannaCry vikapita katika tundu lile lile, vikafunga mafaili ya watu duniani kote na kudai fidia, hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Kiraka kilikuwepo, hakikuwekwa. Badala ya kuzizima, ingia kwenye mipangilio ya mtandao uiambie Windows kwamba muunganisho huo unalipiwa kwa kipimo (metered connection). Haitashusha mizigo mikubwa kiholela, na mwenyewe ataruhusu siku akiwa na bando la usiku. Windows 10, ambayo bado imejaa mitaani, iliacha kupewa viraka vya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine isiyopokea Windows 11, na kazi yake ni kuandika na kuingia mtandaoni, iwekee Linux Mint. Wapo wazee niliowawekea na hawajanirudia na tatizo.

Kwa mashine nzito, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager, tazama nini kinailemea mashine. Diski ikikaa kwenye asilimia 100 muda wote na ni ile ya kuzunguka, mshauri mteja anunue SSD, diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi. Programu kumi zinazoamka pamoja na Windows, zizime. Mafaili ya Windows yakiwa yameharibika, amri ya sfc /scannow kwenye Command Prompt mara nyingi humaliza kazi. Basi.

Ukiwa kwenye nyumba yenye watoto, tengeneza akaunti mbili: ya mzazi yenye mamlaka na neno la siri, na ya watoto isiyoweza kuweka programu bila mzazi kuandika neno hilo. Na kabla hujaaga, weka nakala ya mafaili kwenye diski ya nje, kisha ichomoe. Diski inayoachwa imechomekwa wakati wote itafungwa pamoja na kompyuta siku virusi vya fidia vikija. Ikiwezekana nakala nyingine ikae mtandaoni, walau nyaraka na hesabu.

Picha za mteja usifungue. Unakopi folda, huangalii kilichomo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, lakini hata zisingekuwepo, mama wa watu amekukabidhi harusi ya binti yake na vipimo vyake vya hospitali ndani ya kisanduku kimoja.

Wakati wa kukabidhi simpi mteja mashine ikiwa imezimwa. Namwekea kiti, nampa kipanya, namwambia afungue mwenyewe lile faili alilonionyesha asubuhi, kisha mengine mawili anayoyataka yeye. Nakala niliyokopi inakaa kwangu siku saba. Siku ya saba nampigia, namuuliza kama kuna kinachokosekana, akisema hakuna, naifuta.