Fundi anataka mita 4, ananiibia?

SWALI: Fundi, nataka gauni la satini kwa harusi ya dadangu, lile linalomwagika mwilini bila zipu. Fundi wangu anadai mita 4, na ati litundikwe siku kadhaa kabla ya kupindwa chini. Ananila pesa?
Msomaji, Umoja

JIBU: Hapana, dadangu. Umepata fundi anayeijua kazi yake, mshike.

Gauni hilo hukatwa mshazari, au bayasi tunavyosema vibandani. Chukua leso, ivute kwa urefu: haisogei. Sasa ivute pembe kwa pembe. Umeona inavyonyumbuka? Ndivyo satini itakavyokufuata kiunoni. Lakini vipande vikilazwa hivyo mezani, kando hubaki pembetatu zisizotosha hata mkono, na mita zinaishia hapo.

Aliyetuonyesha uwezo wa mkato huu ni Madeleine Vionnet, Mfaransa aliyezaliwa 1876. Mshazari ulikuwepo kabla yake, kwenye kola na marembo. Yeye akakata gauni zima. Alifungua duka lake Paris mwaka 1912. Alikuwa na mwanasesere wa mbao, akimviringishia kitambaa mpaka kikae, ndipo akuze vipimo. Vitambaa aliagiza vipana kuliko kawaida. Kwa hiyo hata yeye hakubana mita! Washonaji wengine walipozidi kumwiga, lebo zake zikatiwa alama ya kidole gumba chake. Na wafanyakazi wake walipata likizo ya malipo na zahanati. Mimi niliyeanza kwa kufagia vipande chini ya cherehani za wengine, nampendea hilo kuliko gauni lolote.

Bayasi nilijifunza kwa kufumua shimizi kuukuu nililonunua sokoni Gikomba, mshono mmoja baada ya mwingine, nikilaza kila kipande juu ya gazeti. Hata hivyo, gauni langu la kwanza nililipinda siku ile ile niliyolishona. Baada ya wiki mteja akalirudisha, upande mmoja umeshuka vidole vitatu. Satini ina uzito, nyuzi za mshazari huvutika polepole, na hazivutiki sawa pande zote. Nilimshonea jingine kwa kitambaa changu.

Basi mwache alitundike. Vile vipande vinavyobaki viombe, vinatosha mkanda na kilemba kidogo. Na siku ya kupima pindo, nenda na viatu utakavyovaa harusini.