Mvua ya skuli na mvua ya setilaiti

SWALI: Assalaam alaykum. Kipima mvua cha skuli yetu, karibu na Wete, husomwa saa tatu asubuhi. Nikilinganisha na makadirio ya setilaiti ya IMERG (makadirio ya mvua ya NASA) naona vioja. Jumatano sisi sufuri, setilaiti milimita 31; Alhamisi sisi 46, setilaiti 4. Nani muongo?
Mwalimu wa jiografia, Pemba

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, Mwalimu. Zilizogongana hapo ni tarehe. Siku ya setilaiti hufuata saa za UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu), kwa hivyo kwetu huanza saa tisa usiku. Maji uliyoyapima Alhamisi yaliingia tangu Jumatano saa tatu asubuhi, na saa 18 kati ya hizo 24 zimo katika Jumatano ya setilaiti. Rudisha kila kipimo nyuma siku moja: 46 ikabiliane na 31. (Wanafunzi nao waandike “usiku wa kuamkia Alhamisi”, wakiandika “usiku wa Alhamisi” tu, kila mzee atakuwa na tafsiri yake.)

Ukitaka usawa kamili, chukua IMERG ya nusu saa, ujumlishe vipande 48 kuanzia saa tatu asubuhi. Namba zake ni milimita kwa saa, kwa hivyo gawa kila moja kwa mbili, la sivyo mvua itaongezeka maradufu.

Bado 46 si 31, wala usitaraji ziwe sawa. Kisanduku kimoja cha IMERG (eneo linalopewa namba moja) kina kama kilomita 11 kila upande, na upana wa Pemba ni kama kilomita 22, hivyo visanduku vingi vimemeza bahari. Isitoshe, mawingu mafupi ya pwani hunyesha bila kilele chake kupoa sana, na setilaiti inayotegemea ubaridi wa wingu huyapita. Basi linganisha jumla za siku kumi au za masika nzima: jumla ya setilaiti gawa kwa yenu. Ikitoka 0.8, imepunguza moja ya tano.

Kabla ya hesabu hiyo, kagueni kipima chenyewe. Mkarafuu wa mita 10 uwe mbali angalau mita 20. Mdomo wa kipenyo cha milimita 127 hukusanya mililita 12.7 kwa kila milimita ya mvua. Wa milimita 203 hukusanya 32.4. Gilasi ya kupimia ikivunjika na kuazimwa ya kipima kingine, daftari zima huharibika kimyakimya.

Na ikiwa wikiendi hakuna anayesoma kipima, Jumatatu mnapima maji ya siku tatu. Jumamosi na Jumapili wekeni kistari, msiandike sufuri.