Ampli ya mzee imekaa stoo miaka 14? Usiichomeke kwanza

Mkuu, nimelisoma swali lako mara mbili. Ampli ya Sansui ya marehemu mzee wako, zile za mfululizo wa AU za mwishoni mwa miaka ya 1970, imelala stoo hapo Kikuyu, Dodoma, miaka 14. Umeichomeka, taa imewaka, upande wa kushoto kimya, wa kulia unakwaruza ukigusa sauti. Fundi uliyempelekea kakwambia "toa hayo matumbo, nikufungie bodi ya Kichina, boksi libaki hilo hilo". Na waliochangia hapo juu wanakushauri uiuze kwa kilo.

Usiiuze, na hiyo bodi ya Kichina ikatae. Ila na wewe usiichomeke tena, hata kwa dakika moja, mpaka umalize kusoma hapa.

Nina meza ya ufundi Majengo, mwaka wa 19 huu. Nilianzia redio za kaseti, nikaenda kwenye deki, simu zilipokuja nikazikimbia. Ampli za zamani zimepita nyingi mezani kwangu na karibu zote hadithi yao ni moja: ugonjwa wa mwanzo ulikuwa mdogo, kilichoiweka mahututi ni mafundi waliopita na pasi ya kuchomelea kabla ya kupita na macho. Na mimi nimo humo, nitafika huko.

Kuna mzee alikuja na basi kutoka Kongwa, Pioneer ameifunga kwenye khanga, kaipakata njia nzima. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa na "mbukwa" yake ya Kigogo, akakaa kwenye benchi. "Kijana wangu, hii imekufa mwaka wa nne. Fundi wa kule kaniwekea kapasita mpya nne, haikuamka." Nikaizungusha nitazame uso wake. Kitufe cha TAPE MONITOR kimebonyea. Hicho kitufe kinautoa muziki nje uende kwenye deki ya kaseti, halafu kinasubiri urudi. Kama deki haipo, hakirudi kitu, ampli inakaa kimya kama imekufa kweli. Baada ya kuipima nikaiwasha, nikabonya kitufe kikatoka, spika zikaimba. Mzee akaitazama ampli, akanitazama mimi, kimya kirefu. Mwisho akasema neno moja tu: "Wajukuu."

Kwa hiyo anza usoni. Swichi ya kanda iwe kwenye SOURCE, kichaguzi cha spika kiwe A, balansi katikati. Kama nyuma kuna vile vipini vya chuma vinavyounganisha PRE OUT na MAIN IN, hakikisha vipo na havina kutu. Simu yako ichomeke AUX. Ukiichomeka PHONO itapiga kelele mbaya na utadhani ampli imeharibika, kumbe pale ni mahali pa kichwa cha santuri, panakuza sauti mara nyingi sana na kuongeza besi kwa makusudi.

Sasa nyuma kabisa, soma kibao cha volti. Wengi wanaunguza hapa. Ampli za mtumba zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani ni za volti 100, za Marekani ni 120. Ukuta wako una 230. Kama ya mzee ilinunuliwa hapa nchini enzi hizo huenda ni ya 220 au 240, na imewaka bila moshi, dalili nzuri. Ila mpaka macho yako yaone maandishi, usiamini. Zingine zina kichaguzi cha volti, na kichaguzi hugeuzwa na watoto vilevile.

Halafu fungua kifuniko. Waya uwe umechomolewa, na subiri. Kapasita kubwa mbili karibu na transfoma, yale makopo yanayohifadhi umeme, zinaweza kubaki na chaji ya volti 40 au zaidi kila moja. Mafundi wengi huzimaliza kwa bisibisi, cheche moja, pwaa. Nilifanya hivyo miaka, mpaka bisibisi ikang'atwa kipande cha ncha na kapasita ikaanza kuvuja wiki hiyo hiyo. Tumia rezista ya omu 1,000 ya wati 5, ishikilie kwa koleo lenye mpini wa plastiki sekunde 30 hivi kila kapasita, halafu pima kwa mita. Ikisoma chini ya volti moja, ingiza mkono.

Ndani utakutana na Dodoma yenyewe. Vumbi jekundu limelala juu ya bodi kama blanketi, na nimeshakuta nyumba za nyigu, zile za udongo, zimejengwa katikati ya mapezi ya bati la kupoozea transista, vile vifaa vinavyokuza sauti. Ule udongo unaziba hewa, transista zinachemka. Brashi laini ya rangi na kipulizio vinatosha. Maji hapana, mafuta ya taa hapana.

Baada ya vumbi, tafuta gundi. Hili sijaona mtu kalitaja humu na kwa Sansui ndilo la kwanza. Kiwandani walizishikiza kapasita kubwa kwa gundi ya rangi ya krimu isitikisike safarini. Miaka 40 baadaye ile gundi imegeuka kahawia, wakati mwingine nyeusi kabisa, na ikifika hapo inapitisha umeme kidogo kidogo na inakula miguu ya vifaa. Niliwahi kuinua diodi moja kwa kibanio, ikaja mkononi peke yake, miguu imebaki kwenye bodi kama masalia ya sindano yenye kutu. Mwenye ampli alikuwa ameshabadilishiwa transista mara mbili kwa tatizo la diodi ya bei ya peremende. Kwangua gundi yote ya kahawia kwa kijiti cha mwanzi au plastiki ngumu, pole pole, safisha kwa spiriti, kisha kagua kila mguu iliougusa. Kilicholika kibadilishe. Kazi ya jioni mbili, haina haraka.

Kukwaruza kwa upande wa kulia hakunitishi. Ni uchafu kwenye potensiometa ya sauti, yaani kile kifaa unachokizungusha kuongeza sauti, na kwenye swichi. Nunua dawa ya kusafishia kontakti za umeme, ile inayokauka na kuacha ulaini kidogo. WD-40 waachie wenye bawaba za milango. Pulizia kwenye kitundu cha potensiometa, zungusha mwanzo mpaka mwisho mara 30, swichi zote zibonye na kuzitoa mara 30. Acha ikauke.

Na ukimya wa kushoto? Kuna kipimo cha bure. Siku ile ulipoiwasha, ulijaribu kuongeza sauti sana? Kama kushoto huwa kimya kwa sauti ya chini halafu ghafla kinaamka ukipandisha, na kikishaamka kinabaki, hiyo ni rilei ya spika, swichi inayojiwasha yenyewe. Ndani yake kuna vimdomo viwili vya chuma vinavyogusana, vikishika weusi umeme mdogo haupiti. Ndiyo ile inayolia "tak" sekunde chache baada ya kuwasha. Kuna wanaoipiga msasa. Msasa unakwangua ganda jembamba la juu, baada ya miezi unarudi ulikokuwa. Kipande cha karatasi ngumu kilicholoweshwa ile dawa, kipitishe katikati ya vimdomo mara kadhaa, au weka rilei mpya yenye volti zile zile za koili.

Kama haiko hivyo, utakapoiwasha kwa njia nitakayokupa hapa chini, badilishana nyaya: ya kushoto pale AUX iende kulia. Ukimya ukihamia upande mwingine, shida iko kwenye simu au waya. Ukibaki kushoto, badilisha spika hivyo hivyo. Dakika tano, na mafundi watatu kati ya wanne hawafanyi.

Sasa namna ya kuiwasha. Tengeneza taa ya kupimia: soketi moja, waya mmoja tu wa moto ukatwe, katikati yake ufunge globu ya wati 100. Iwe globu ya zamani yenye uzi ndani, LED haifanyi kazi hii. Siku hizi kuzipata ni shughuli, mimi nilinunua dazeni nzima nikaficha. Ampli ichomeke kupitia hiyo globu, spika zisiwepo. Globu ikiwaka sana mara moja kisha ikafifia, ampli iko sawa, ni kapasita zilikuwa zinajaa. Ikibaki inang'aa kama taa ya ukumbi, kuna shoti ndani, na globu imekuokolea transista zako. Zima, tafuta.

Ikififia, weka mita kwenye milivolti za DC, pima mahali pa spika, kushoto na kulia. Chini ya 50 uko salama. Ukikuta volti nzima nzima, usifunge spika hata ya kuazima. Na rilei ikigoma kulia "tak", usiipitishe kwa waya ili upate muziki! Inagoma kwa sababu imeona DC inataka kwenda kuunguza spika yako. Hiyo ndiyo kazi yake.

Ile aibu yangu sasa. Mwaka 2011, Kenwood ya mwalimu mmoja wa Makole, ya miaka ya 1980, transista za mwisho zimepiga shoti. Za asili sikuzipata, nikaagiza Kariakoo jozi ya 2SC5200 na 2SA1943, kwenye duka ambalo sitalitaja. Maandishi safi, nembo ipo. Mwalimu kakaa kwenye benchi anasubiri, keshaleta na spika zake. Nikaona globu inanichelewesha, nikachomeka moja kwa moja. Iliimba nyimbo mbili. Wa tatu haukufika kwenye kiitikio, moshi, na wufa ya kushoto, ile spika ya besi, ikasimama imejitokeza mbele kama imeshtuka. Nikailipa wufa. Jioni nilizipasua zile transista kwa koleo: kipande cha silikoni ndani hakikufika punje ya mtama. Nikapasua moja ya asili iliyoungua kwenye ampli nyingine, namba ile ile, kipande kinakaribia punje ya hindi. Tangu hapo nikinunua nne nachukua ya tano ya kupasua. Wauzaji wananichukia, na wanaanza kunionyesha za ndani ya droo.

Na kama kwako zitakuwa zimeungua kweli, usibadilishe hizo kubwa tu. Angalia transista ndogo zinazozisukuma, na zile rezista nyeupe za saruji, 0.22 mpaka 0.47 omu. Huwa zinakufa pamoja. Ukiacha moja mbovu, mpya zote zinaifuata.

Kapasita sitazichambua, kila mtu humu ni bingwa wa kapasita. Volti iwe sawa au juu ya ya zamani, mikrofaradi zile zile, plasi na mainasi usikosee, za nyuzi 105 ni bora kuliko 85. Usibadilishe zote siku moja, maana ikigoma hutajua umekosea wapi. Zile kubwa zipime kwanza, mara nyingi bado nzima. Transfoma ndiyo iwe ya mwisho kuishuku. Sansui walianza mwaka 1947 kama watengeneza transfoma, na inaonekana.

Mwisho ni bayasi, yaani ule umeme mdogo unaopita kwenye transista kubwa hata muziki ukiwa umezimwa. Tafuta mwongozo wa mafundi wa modeli yako mtandaoni, utakupa namba. Unapima milivolti kwenye miguu ya ile rezista nyeupe: ikiwa ni 0.47 omu na mita inasoma milivolti 10, zinapita miliampia 21. Acha ipate moto dakika 20 na sauti chini kabisa, ndipo uzungushe kitrimu, kile kiskurubu cha kurekebishia bayasi, kwa bisibisi ndogo, robo ya robo. Usirekebishe usiku wa Julai mlango ukiwa wazi, baridi ya huku unaijua. Kesho mchana wa saa nane itakuwa imepanda.

Hiyo bodi ya Kichina wenzangu wanaipenda kwa sababu inafungwa kwa saa moja. Yako itachukua wiki mbili.

Leo usiku ifungue, vumbi usiliguse kwanza, piga picha ya ndani karibu na zile kapasita kubwa mbili nione rangi ya gundi. Iweke hapa. Na uniambie swichi ya kanda umeikuta imekaa wapi.