Jibu: Nimefunguliwa kozi kwenye Moodle, naanzia wapi?

Mwalimu mwenzangu, umesema kozi yako ya Moodle, ule mfumo wa kufundishia mtandaoni, iko tupu na wanafunzi wanaanza wiki ijayo, usihangaike na mapambo kwanza. Ingia kwenye kozi, juu kulia kuna swichi ya kuhariri, iwashe, bila hiyo utatafuta pa kuongezea vitu mpaka jioni. Chagua mpangilio wa wiki au wa mada halafu jaza wiki mbili tu, noti za PDF na kazi moja yenye tarehe ya mwisho, inatosha kabisa.

Ila faili ziwe ndogo jamani, wanafunzi wengi wako kwenye simu na bando za kuungaunga, zikiwa ndogo wanazidaunlodi kwenye app ya Moodle pale penye waifai wanasoma nyumbani hata bila neti. Mi muhula wa kwanza niliweka slaidi za MB 80, nusu ya darasa hawakufungua, iliniuma kweli.

Kusajili mmoja mmoja achana nako, ruhusu wajiunge wenyewe kwa neno la siri la kozi, litume kwenye grupu lao la WhatsApp. Na kabla hujawaita, badili nafasi yako uwe mwanafunzi kwa muda, uone wanachokiona wao. Ukifika kwenye kusahihisha ukakwama, uliza hapahapa.