Udongo mweusi wa mbuga: ushauri kwa wanaoanza kazi ya kuainisha udongo

Anayeanza kazi ya upimaji wa udongo Afrika Mashariki hachelewi kukutana na udongo mweusi wa mbuga. Upo katika mabonde ya Usukuma na nyika ya Wembere, upo Mwea kwenye mashamba ya mpunga, na umetanda katika tambarare za Athi hadi Embakasi, ambako mafundi wa ujenzi huuita “bleki kotoni” na kuulalamikia kwa kupasua kuta za nyumba. Katika mifumo ya kimataifa unaitwa Vertisoli, na kwa kuwa jina hilo hufundishwa mapema na mfano wake huonekana kwa macho, wageni wengi huliandika kwenye fomu kabla hata shimo halijachimbwa. Ushauri wangu wote katika maelezo haya unatokana na jambo moja: Vertisoli hutambuliwa kwa mwendo wake wa kuvimba na kusinyaa, na alama za mwendo huo hupimwa shimoni kwa rula na kwa vidole. Weusi wake ni jambo la pembeni.

Nianze na rangi, maana ndiyo inayopotosha zaidi. Vertisoli nyingi za kwetu zikiwa na unyevu husomeka 10YR 2/1 au 10YR 3/1 kwenye chati ya Munsell, yaani kitabu cha vipande vya rangi sanifu vyenye tarakimu zake, lakini zipo Vertisoli za kahawia na hata zenye wekundu, na upo udongo mweusi mwingi ambao hauna sifa hata moja ya Vertisoli. Kosa la pili linalozaliwa na rangi ni kudhani kwamba weusi huo ni mboji. Mara nyingi kaboni ya mboji katika udongo wa mbuga haifiki asilimia 2, kwa sababu kiasi kidogo cha mboji kilichoshikana sana na mfinyanzi kinatosha kuupa giza lote lile. Soma rangi mara mbili, udongo ukiwa mkavu na ukiwa umelowanishwa, ukiwa kwenye mwanga wa jua usiozibwa na kivuli chako wala na miwani ya jua, kisha uandike tarakimu zote. Neno “mweusi” peke yake halimsaidii atakayesoma fomu yako baada ya miaka ishirini.

Jambo linalofuata ni majira. Udongo huu una sura mbili, na ofisi ikikupangia safari bila kuzingatia hilo, jitahidi kuwaeleza. Wakati wa kiangazi nyufa ziko wazi na zinapimika, ila sururu hudunda na keekee ya udongo haiingii; wakati wa masika keekee inaingia vizuri lakini haitoki, udongo umeikamata, na nyufa zote zimejifunga. Kwa uainishaji, mwisho wa kiangazi ndio wakati bora. Mfumo wa kimataifa unaojulikana kwa kifupi kama WRB unahesabu ufa wenye upana wa angalau nusu sentimita udongo ukiwa mkavu, na unataka nyufa hizo zianzie kwenye uso wa udongo au chini kidogo ya tabaka lililolimwa, kisha zifike hadi kwenye tabaka la kuvimba na kusinyaa. Upana upime kwa rula sehemu kadhaa, si kwenye ufa mmoja ule mkubwa unaopendeza kwenye picha. Kina kipime kwa waya mgumu unaoshushwa polepole, ukikumbuka kwamba waya hukwama pale ufa unapopinda, hivyo ufa unaweza kuwa na kina kuliko kipimo chako, na fomu iseme hivyo. Ukilazimika kwenda masika, au ukiwa kwenye shamba la umwagiliaji ambalo halikauki sawasawa, tafuta shimoni michirizi myeusi iliyoshuka ndani ya tabaka lenye rangi nyepesi. Huo ni udongo na mabonge ya juu yaliyodondokea ndani ya nyufa za zamani. Na umuulize mwenye shamba. Mtu aliyefuga ng'ombe pale kwa maisha yake yote anajua nyufa hufunguka mwezi gani na zinaweza kumeza fimbo ya urefu gani.

Sasa shimo. Lichimbwe kwa kina cha mita 1.5 hadi 2, na ukuta utakaoelezwa upigwe na jua. Usiukubali ukuta kama ulivyoachwa na sururu au jembe, kwa sababu chuma kikipita kwenye mfinyanzi wenye unyevu huacha uso laini unaong'aa, na huo mng'ao ndio unaofanana na alama unayoitafuta. Chukua kisu, uchomeke na uubandue udongo kwa kuuvuta kuelekea kwako ili uvunjike pale unapotaka kuvunjika wenyewe. Kuanzia karibu nusu mita kwenda chini, katika Vertisoli halisi, mabonge yatatoka na sura ya kabari, yamelala kwa mshazari, na nyuso zake zitang'aa kama chungu kibichi kilicholainishwa kwa jiwe. Zigeuze nyuso hizo polepole kwenye jua. Utaona mikwaruzo myembamba iliyonyooka na kwenda upande mmoja, iliyochorwa bonge moja lilipoteleza juu ya jingine. Mikwaruzo hiyo ndiyo ushahidi wa msuguano. Mng'ao bila mikwaruzo unaweza kuwa ni mgandamizo tu, au ni utando wa mfinyanzi, na hapo ndipo wageni huchanganya udongo wa mbuga na ule mwekundu wa miinuko kama Kabete, unaoitwa Nitisoli, ambao nao una nyuso zinazong'aa lakini hukatika vipande vidogo vyenye kona na kingo, hauna kabari, wala haufunguki nyufa kubwa.

Inafaa kuelewa nyuso hizi zinatokeaje, maana anayeelewa chanzo hakosi kuziona. Mfinyanzi wa udongo huu una madini jamii ya smektaiti, ambayo huingiza maji katikati ya vipapi vyake na kutanuka. Mvua ikinyesha, maji hushuka kwanza kupitia nyufa, udongo wa chini unavimba huku umebanwa pande zote na umelemewa na uzito wa juu, na kwa kuwa hauna pa kwenda, unakatika na kuteleza kwa mshazari kuelekea juu. Vitabu vya zamani vilieleza kwamba udongo huu hujipindua wenyewe, wa juu ukiingia kwenye nyufa na wa chini ukisukumwa kupanda. Maelezo hayo yana ukweli, lakini watafiti wengi wa sasa hawayapi uzito ule wa zamani, na nadhani wana haki: kama kujipindua kungekuwa kwa kasi hiyo, tusingekuta mboji ikipungua kwa mpangilio na chokaa ikiongezeka kwa mpangilio kadiri tunavyoshuka. Ila mipaka ya matabaka kwa kawaida haionekani vizuri, na mgeni asione haya kuandika kwamba badiliko kati ya tabaka na tabaka ni la polepole. Mstari mkali uliochorwa ili mchoro upendeze ni uongo.

Kipimo cha vidole kinahitaji subira kuliko katika udongo mwingine. Bonge kavu la mbuga halikubali maji haraka, na ukilikanda kwa dakika moja utahisi chembechembe ambazo kwa kweli ni mfinyanzi ambao haujalainika, nawe utaandika kichanga ambacho hakipo. Endelea kukanda huku ukiongeza maji kidogo kidogo mpaka hisia ibaki ileile, kisha usukume utepe kati ya kidole gumba na kidole cha shahada; utepe unaopita sentimita 5 kabla ya kukatika unakuweka katika kundi la mfinyanzi. Andika pia ugumu ukiwa mkavu, ushikamanifu ukiwa na unyevu, na unataji ukiwa umelowa, kwa kuwa udongo huu uko kwenye ncha ya kipimo katika hali ya kwanza na ya mwisho. Halafu tone la asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10 katika kila tabaka: angalia kama povu linatoka kwenye udongo mzima au kwenye vinundu vyeupe peke yake, maana ni mambo mawili tofauti.

Ukiwa na hayo yote ndipo ufungue ufunguo wa WRB, na uusome kuanzia mwanzo. Ufunguo huo ni foleni: kundi la kwanza ambalo udongo wako unatimiza masharti yake ndilo kundi lake, hata kama kundi linalofuata baadaye lingeonekana kufaa zaidi. Kwa mbuga zetu jambo hilo lina matokeo makubwa, kwa sababu Soloneti, yaani udongo wenye tabaka la mfinyanzi lililojaa sodiamu, hutangulia Vertisoli, ilhali Gleisoli, ule wa majimaji, huja nyuma yake. Kwa hiyo bonde linalotuama maji miezi kadhaa linaweza kubaki Vertisoli, lakini bonde la jirani lenye sodiamu nyingi chini likatoka katika kundi hilo licha ya nyufa zake. Masharti yenyewe ya Vertisoli ni haya: tabaka la kuvimba na kusinyaa lianze ndani ya sentimita 100 kutoka juu, liwe na unene wa angalau sentimita 25, liwe na mfinyanzi usiopungua asilimia 30, na lionyeshe kabari zilizoinama kati ya digrii 10 na 60 au nyuso za msuguano kwa kiasi kilichowekwa, udongo wote ulio juu ya tabaka hilo nao uwe na mfinyanzi asilimia 30 au zaidi, na ziwepo nyufa nilizokwisha kuzieleza. Mwinamo pimeni kwa klinomita au hata kwa pembe ya shule yenye uzi na kijiwe. Mfumo wa Marekani unafuata mantiki inayokaribiana na hiyo, ila unagawanya zaidi kwa hali ya unyevu na urefu wa muda nyufa zinapokuwa wazi, ndiyo maana mbuga zetu nyingi huangukia kwenye Asteti (Usterts), yaani Vertisoli za maeneo yenye majira ya kiangazi na ya mvua.

Baada ya kundi huja vivumishi, na hapa ndipo maelezo yako yanapoanza kumfaa mkulima. Peliki hueleza giza la sentimita 30 za juu, na kwa mkulima haina uzito. Grumiki husema uso wa udongo hujivunja wenyewe kuwa punje ndogo ngumu, maziki husema uso ni pande zima gumu lisilo na punje. Mwenye grumiki anaweza kupanda kwenye vumbi kabla ya mvua, mwenye maziki atavunja jembe. Kalsiki hutaja mlimbikizo wa chokaa. Mgeni anayeandika Vertisoli peke yake ameacha nusu ya kazi.

Mtakapolinganisha kazi yenu na ramani za zamani mtashangaa kuona udongo uleule una majina matatu. Ufunguo wa ramani ya dunia ya FAO na UNESCO wa 1974 uligawa Vertisoli mbili tu, peliki za giza na kromiki za kahawia au wekundu, kwa kigezo cha rangi. Marekebisho ya 1988 yaliiacha rangi na kuzigawa kwa kemia, yaani eutriki (yenye besi nyingi), distriki (yenye besi chache), kalsiki (yenye chokaa) na jipsiki (yenye jasi). WRB ilitoka 1998, ikarekebishwa 2006, 2014 na 2022. Kwa hiyo jina lisiloambatana na mwaka wa mfumo halina maana kamili, na ninapokabidhiwa ripoti ambayo haikutaja mwaka, huliacha jina na kusoma maelezo ya shimo.

Pia someni mahali kabla ya kusoma shimo. Geoffrey Milne, mkemia wa udongo aliyefanya kazi Amani katika milima ya Usambara, alipendekeza mwaka 1935 kwamba udongo wa Afrika Mashariki uchorwe kwa mnyororo unaojirudia kutoka kilele hadi bondeni, badala ya kuchora kila kipande peke yake. Wasukuma walikuwa wakiutambua mpangilio huo kwa majina yao, kutoka luseni ya mchanga hadi mbuga yenyewe, wakiwa na itogolo na ibushi katika nafasi zao, na kila jina lina mazao yake. Yaandikeni majina hayo kwenye fomu kama mlivyoyasikia, pamoja na mahali penyewe kwenye mteremko. Mkikuta vijilima na vishimo vidogo vinavyojirudia juu ya tambarare isiyolimwa, ambavyo kitaalamu huitwa gilgai, chimbeni kwenye kilima na kwenye kishimo pia, kwa kuwa kina cha chokaa kinaweza kutofautiana sana ndani ya hatua chache.

Sampuli zichukuliwe kutoka chini kwenda juu ili udongo wa juu usimwagikie tabaka ambalo bado halijachukuliwa, na kamwe zisichukuliwe ndani ya ufa. Mbali na mfuko wa kila tabaka, beba mabonge mazima yaliyofungwa vizuri kwa ajili ya kupima kusinyaa: bonge lenye unyevu wa sentimita 10 likikauka na kubaki 9, tofauti ya sentimita 1 ukiigawa kwa 9 unapata 0.11, ambayo ni kubwa. Uzito wa ujazo nao hauna maana katika udongo huu bila kutaja unyevu uliokuwepo siku ya kupima, kwani ujazo wenyewe unabadilika. Mkipeleka maabara, andikeni kwenye hati kwamba ni mfinyanzi wa mbuga wenye chokaa, ili wautenganishe vizuri na kwa muda wa kutosha kabla ya kupima chembe. Asilimia 28 ya mfinyanzi inayorudi kutoka maabara kwa udongo uliotoa utepe mrefu na kabari zenye mikwaruzo ni sababu ya kuomba kipimo kirudiwe, na wakati huo fomu ya shimoni ndiyo itakayokutetea.