Motisha ya Kiwandani Haihamii Ofisi ya Serikali

Msomaji mmoja wa Ilemela ameuliza swali linalostahili jibu refu. Alikuwa anasimamia zamu kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, sasa ameajiriwa serikalini na kukabidhiwa kitengo chenye watu tisa. Kila alichozoea kukifanya kiwandani kimegoma. Akihimiza kwa ukali, wanamtazama tu. Akitaka kutoa bonasi, hana fungu. Awape motisha vipi?

Hofu za pande hizi mbili hazifanani. Mtu wa kiwandani anaogopa kesho, kwa sababu samaki wakipungua ziwani zamu zinakatwa. Mtumishi wa umma akishathibitishwa kazini baada ya miezi 12 ya majaribio, kesho haimtishi. Kinachomvunja moyo ni kusahaulika. Daraja halipandi, malimbikizo hayalipwi, na anayechapa kazi anapokea mshahara uleule, tarehe ileile, na anayeshinda akipiga soga. Ukimtishia mtu wa namna hiyo, unajivunjia heshima bure.

Kwa hiyo, ndugu yangu, achana na mshahara, maana haumo mikononi mwako. Shika vilivyomo.

Anza na safari za kikazi, kwa sababu posho ya kujikimu ndiyo inayozaa majungu kuliko kitu kingine ofisini. Bandika ukutani karatasi yenye jina la kila mtu, tarehe ya safari yake ya mwisho na idadi ya siku alizokaa huko. Aliyekaa muda mrefu zaidi bila kusafiri ndiye anayefuata. Kazi ikihitaji mtaalamu fulani, sema sababu kabla hajaondoka, si baada ya kurudi. Akirudi, awape wenzake dakika 20 za alichojifunza. Utaratibu huu hufa siku mkuu anapojipanga mwenyewe mara mbili mfululizo. Wewe pia jina lako liwemo kwenye karatasi.

Kisha PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, uliochukua nafasi ya OPRAS. Wengi huujaza kama adhabu, kwa maneno yasiyopimika: "kushughulikia barua". Keti na kila mtu mwaka wa fedha unapoanza mwezi Julai, muandike "kujibu barua za wananchi ndani ya siku 5 za kazi". Idhinisha kazi kila wiki. Msimamizi anayesubiri Juni kisha akampa kila mtu alama moja amewaambia wachapakazi kwamba jasho lao halionekani.

Jumatatu asubuhi, kikao cha nusu saa, si zaidi. Kila mmoja aseme amemaliza nini, amekwama wapi, nani amsaidie. Mikwamo iandike kwenye daftari na uifuatilie mwenyewe. Vikao hivi huchosha kufikia wiki ya tatu, na sababu ni moja: mkwamo wa Jumatatu ya kwanza bado uko palepale.

Tena, mara moja kwa mwaka, mwombe Afisa Utumishi mpitie jalada la kila mtu wako: barua ya ajira, ya kuthibitishwa, ya kupandishwa cheo mara ya mwisho, vyeti. Barua moja iliyopotea inaweza kumchelewesha mtu bila yeye kujua. Mkuu anayelipigania jalada lako unamfanyia kazi kwa moyo.

Kwa waliobaki kiwandani, angalieni meza. Mkataji anapitisha kisu kuanzia nyuma ya kichwa hadi mkiani, anageuza samaki, anarudia upande wa pili. Mnofu unakwenda kwa anayechuna ngozi, halafu kwa anayesafisha mifupa na mafuta. Ukimpa mkataji peke yake bonasi kwa kilo alizokata, ataharakisha. Nyama itaondoka na panki, yaani mifupa inayobaki baada ya minofu kukatwa, na mnofu uliochanika utamwangukia wa mwisho, ambaye hana bonasi. Hapo umeshawagombanisha. Bonasi iwe ya meza nzima. Pima samaki walioingia, pima minofu iliyokubaliwa, andika ubaoni mwisho wa zamu, gawanya sawa. Usilinganishe meza iliyopewa sangara wadogo na ile ya wakubwa. Wadogo wanahitaji mikato mingi zaidi kwa kilo ileile.

Na mlipe haki kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa 45 za kawaida kwa wiki, ovataimu isizidi saa 50 ndani ya wiki nne na ilipwe angalau mara moja na nusu, likizo siku 28. Aliyepunjwa ovataimu hatulizwi na fulana ya Mei Mosi.

Matembezi ya pamoja yaje baada ya hayo yote. Kisiwa cha Saanane kinatosha, boti kutoka Capri Point haichukui muda. Lakini Mwanza hii ina Wasabato wengi, usipange Jumamosi, wala Ijumaa mchana wakati wa swala. Alhamisi inafaa ofisini. Kwa wenye vikundi vya dagaa, chagua siku za mbalamwezi, wakati wavuvi wa taa wamepumzika. Chakula kiwe kimoja kwa wote, na bosi asitengewe meza. Hotuba iwe dakika 10, na izungumzie mikwamo mitatu kutoka kwenye lile daftari: upi umetatuliwa, upi bado, na nani anaushughulikia.