Uani kwa watoto na kwa wazazi: anza na kiti chako

Ukitaka uani pawafae watoto wanaocheza na wewe unayetaka kupumzika, anza na kiti chako. Kabla hujanunua bembea wala mche mmoja, chukua kiti cha plastiki, kiweke pembe hii, kihamishie ile, ukae mpaka chai iishe. Kila unapokaa jiulize: nikiwa hapa, nitamwona mtoto popote atakapokimbilia bila kunyanyuka? Ukipapata mahali hapo, weka benchi, na mengine yote yapangwe kulizunguka.

Nasema hivi kwa sababu mzazi hapumziki mpaka jicho lake litulie. Mtoto akipotelea nyuma ya tangi la maji kukawa kimya, kikombe kinawekwa chini hata kama hakuna baya lolote.

Tulipohamia Utawala, mtaa wa Nairobi, ploti yetu ilikuwa ya futi 50 kwa 100 kama za majirani, na nyumba ilikuwa imekula sehemu kubwa. Fundi aliyekuja kupima alipendekeza tupande ua mrefu katikati. "Mama Zawadi, watoto wakae huku, wageni kule, kila mtu na nafasi yake." Nilikataa, na msimamo huo ninao hadi leo. Watoto wadogo hucheza pale ulipo, hata uwapangie wapi. Ukijitenga nao kwa ukuta wa majani, mpira utakufuata miguuni. Mpaka unaofaa ni wa kufika magotini: safu ya rosemari, mchaichai, au mawe yaliyopangwa vizuri. Mtoto anajua mpira hauvuki hapo, na wewe unaendelea kumwona. Mavyaa wangu alipokuja kutukalia siku chache aliketi pale jioni ya kwanza akasema, "Mwanangu, hapa nawaona wote na shingo haiumi."

Kisha tazama jua. Ushauri mwingi wa bustani umeandikwa na watu wa nchi ambazo jua la mchana hukaa upande mmoja wa anga mwaka mzima. Nairobi iko kusini kidogo tu mwa ikweta, kwa hiyo mwezi wa Juni jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, na Desemba likapita kusini. Kivuli cha ukuta ulichokizoea Julai kitakuwa kimehama ifikapo Krismasi. Lisilohama ni jua la alasiri kutoka magharibi, na hilo ndilo linalowapokea watoto wakitoka shule. Hapa kwetu giza huingia muda mfupi baada ya saa kumi na mbili na nusu, mwaka nenda mwaka rudi, kwa hiyo saa ya kucheza ni ileile moja na inafaa uipange vizuri. Kiti kikiwa mashariki mwa nyumba, kivuli cha nyumba yenyewe kitakifikia wakati huo. Kama uani kwako panatazama magharibi, panda mti upande huo, au tandaza mpasheni juu ya fremu ya mbao. Pasheni ya zambarau hupenda baridi ya nyanda za juu, na watoto wataokota matunda wenyewe. Ila usifunike kila mahali. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hutanda, na utakitafuta kijua kwa hamu.

Udongo nao una maneno yake. Wenzetu wa Karen na Runda wana udongo mwekundu unaokubali karibu kila mche. Sisi wa Embakasi na Utawala tuna ule mweusi unaovimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Kabro, yaani matofali ya saruji ya kutandika chini, zikilazwa juu yake moja kwa moja zitainuka zikae mshazari, na mtoto anayekimbia atajikwaa. Udongo uchimbwe uondolewe, yajazwe mawe na murram, ishindiliwe, ndipo kabro zifuate. Pesa zikiwa chache, punguza eneo la kabro, usipunguze kina. Kwa nyasi mimi nachagua ya Kikuyu, ambayo asili yake ni nyanda hizi hizi zetu. Inastahimili miguu ya watoto kuliko zile laini za kupendeza macho. Izuie tu kwa mawe, la sivyo itameza maua yako.

Upande wa michezo, wazazi wengi hukimbilia vitu vya plastiki vya rangi. Ukienda msitu wa Karura utaona watoto wanachogombania: gogo lililoanguka, vijiti, udongo, maji. Waachie kipande ambacho hakijakamilika. Mchanga wa mto ndani ya fremu ya mbao unatosha kwa miaka mingi, mradi ufunikwe kwa turubai kila jioni, kwa kuwa paka watakuja kujisaidia humo. Matairi ya zamani ni mazuri, lakini yatobolewe chini ili maji ya mvua yasituame yakazaa mbu. Bembea inahitaji nafasi kubwa kuliko unavyodhani: mbele na nyuma, acha umbali ulio mara mbili ya urefu wa boriti kutoka kwenye ardhi, na chini yake weka mchanga wenye kina cha inchi 9 au zaidi, maana nyasi peke yake haipunguzi pigo la kuanguka. Mapipa ya maji ya akiba, ambayo mgao umetulazimisha kuyaweka, yawe na vifuniko ambavyo mtoto hawezi kufungua.

Kuhusu mimea nakuomba uwe mkali. Vitalu vya kando ya barabara vitakuuzia olienda, ya waridi na ya manjano, bila kukuambia kwamba mmea mzima una sumu. Mbegu za mbarika ni hatari kwa mtoto anayetafuna kila anachookota. Maua makubwa ya tarumbeta yanayoning'inia pia ni sumu. Mnyaa, ule wa vijiti vya kijani unaopandwa kuwa ua, una utomvu mweupe unaochoma macho vibaya. Bogainvilia haina neno ikipandwa ukutani mbali na mpira, kwa ajili ya miiba. Badala ya hayo, mpera: matawi yake ni magumu na huanzia chini, mtoto anapanda. Mparachichi ni wa kivuli, si wa kupandwa na watoto, matawi yake huvunjika. Mforosadi hukua haraka, na sare za shule zivuliwe kabla ya kuvuna.

Taa iwe mbali na benchi, mwisho wa ua, ikielekezwa chini. Baada ya mvua hutokea yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi aliyepewa jina la mji wetu, Nairobi fly, naye hufuata mwanga. Haumi, lakini ukimponda juu ya ngozi majimaji yake huunguza na kuacha malengelenge. Wafundishe watoto kumpuliza au kumwondoa kwa karatasi, na akipondeka, ngozi ioshwe mara moja kwa sabuni na maji kabla mkono haujagusa jicho.